Sote Ilitulazimu

Lucian Wilbrod alijifunza Kiingereza kwa kuimba. Katika shule ya misheni, padre mmoja mzee alichora ubaoni safu tatu. Safu ya kushoto aliiandika maneno saba: can, could, may, might, must, should, would. Katikati akaandika neno moja tu, go, yaani kwenda. Kulia akapanga vijineno vidogo: in, out, on, off, for, over, through. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kuchukua neno huku, kupita katikati, na kumalizia kule, mmoja baada ya mwingine, mpaka sentensi arobaini na tisa ziishe. Must go in. Must go out. Must go on. Darasa zima liliimba huku padre akigonga meza kwa rula.

Maana za maneno hayo padre alizitoa mara moja tu, kila neno na maana yake. Can ni kuweza. May ni ruhusa. Must ni lazima. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama must ni lazima siku zote. Padre akamjibu kwamba ndiyo, kama amri za Mungu zilivyo lazima siku zote. Lucian alilishika hilo. Mwisho wa mwaka aliziimba zote arobaini na tisa bila kukwama, kisha akazirudia kwa wakati uliopita, must have gone in, must have gone out, na padre akampa rozari ya mbegu nyeusi mbele ya shule nzima.

Mwaka 1947 alikuwa na miaka ishirini na saba, mume wa Ursula, na mkalimani wa majaribio bomani Kisarawe. Mkalimani wa zamani alikuwa amepofuka jicho moja, akarudishwa kwao. Lucian aliambiwa kwamba akifanya kazi vizuri mpaka Krismasi, atathibitishwa na kupewa nyumba ya bati nyuma ya boma. Alijua Kiingereza cha kutosha kwa kesi nyingi zilizokuja: mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, mpaka wa shamba uliosogezwa, watu waliopigana ngomani. Bwana Shauri, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu, alimsifu kwa kuwa hasiti. Mkalimani wa zamani alikuwa na tabia ya kusimama na kufikiri. Lucian hakusimama. Swali likitoka, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Oktoba mwaka huo ililetwa kesi ya Maneno Mwinyimadi.

Maneno alikuwa mtu wa Masaki, lakini kazi alifanya Pangani, ile ya Kibaha, katika shamba la mkonge la mzungu mmoja aliyeitwa Harkom. Alikuwa mpakizi. Mkonge ukishatolewa singa na kukaushwa, yeye na wenzake waliubeba mafungu kwa mafungu na kuuingiza ghalani. Jumamosi moja alasiri, wafanyakazi wakiwa wamepumzika, ghala lile lilishika moto na kuteketea lote. Katani kavu haizimiki. Waliofika na ndoo walisimama mbali wakitazama.

Nyapara, mtu aliyeitwa Abdala, alisema moja kwa moja kwamba ni Maneno. Siku nne kabla ya moto, Maneno alikuwa ameomba ruhusa aende Masaki kumzika baba yake mdogo, naye akamnyima. Maneno akamwambia mbele ya watu, "Ghala lako hili likiwaka moto, mimi sitashika ndoo." Maneno hakukana kusema hivyo. Alisema alikuwa na uchungu. Alisema saa ile ya moto alikuwa mtoni anafua nguo zake, peke yake.

Hapakuwa na aliyemwona ghalani. Hapakuwa na kiberiti wala mafuta. Bwana Shauri alionekana amechoka na kesi ile. Ilikuwa karibu saa sita, jua limekaa juu ya bati, na watu wa Masaki waliokuja kusikiliza walikuwa wamebanana mlangoni. Mbele yao alisimama Sikudhani, mke wa Maneno, amefunga kanga yake kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

Bwana Shauri aligeuza karatasi, akamtazama Maneno, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"You must have gone in by the back door."

Lucian hakusita. Must ni lazima. Must have, ililazimu. Akamgeukia Maneno.

"Bwana anauliza, ilikulazimu kuingia kwa mlango wa nyuma?"

Uso wa Maneno ulitulia. Baada ya asubuhi nzima ya maswali yaliyomzungusha, hili lilikuwa jepesi. Mlango wa mbele ulikuwa wa lori. Wapakizi walikatazwa kuukaribia. Kila siku, mwaka mzima, walipita nyuma.

"Ndiyo, bwana," alisema. "Ilinilazimu. Sote ilitulazimu."

"Yes, sir," alisema Lucian. "I must have gone in. All of us must have gone in."

Kalamu ya Bwana Shauri ilisimama. Aliinua kichwa, akakunja uso. Akauliza kwa nini mtu huyu anasema wote. Yeye hakuuliza habari za wote. Aliingia au hakuingia?

Hapo ndipo Lucian angeweza kumgeukia Maneno na kumuuliza, "Una maana gani unaposema sote?" Lilikuwa swali la maneno machache. Lakini Bwana Shauri alikuwa anamtazama yeye sasa, si Maneno, na yale macho yalikuwa yale yale aliyokuwa akimtazamia mkalimani wa zamani. Lucian alihisi jasho likimtoka chini ya kola.

"He must have gone in, sir," alisema. "He says yes."

Bwana Shauri aliandika. Aliandika mistari mitatu. Kisha akaweka kalamu chini kama mtu aliyetua mzigo.

Maneno Mwinyimadi alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na kazi ngumu. Hukumu ilipotafsiriwa hakupiga kelele. Aligeuka kumtafuta Sikudhani kwa macho, akasema, "Mbona nimewajibu vizuri?" Askari wakamtoa.

Siku ya nane baada ya hukumu ile, Bwana Shauri alipoteza miwani. Aliitafuta mezani, akaitafuta mifukoni, akainama chini ya kiti. Lucian alikuwa amesimama pembeni na majalada mikononi. Bwana Shauri akasema, nusu akijisemea mwenyewe, "They must have gone down behind the cupboard."

Lucian alisogeza kabati. Miwani ilikuwa pale, imeangukia ukutani.

Alimpa. Bwana Shauri aliivaa, akashukuru, akaendelea na kazi. Lucian alibaki amesimama mahali pale pale. Must have gone. Nani aliilazimisha miwani? Miwani haina nyapara. Haina amri ya kutii. Bwana Shauri hakusema miwani ililazimika kwenda nyuma ya kabati. Alisema bila shaka ndiko ilikokwenda. Alikisia, na alikuwa na hakika na kukisia kwake.

Alasiri, wengine walipokwenda kula, Lucian alifungua kabati la kesi akatoa jalada la Maneno. Alisoma mistari mitatu. Iliandikwa kwamba mshtakiwa mwenyewe amekiri kuingia ghalani siku ya moto kwa kupitia mlango wa nyuma, na kwamba kukiri huko kunaondoa shaka yote.

Alilirudisha jalada mahali pake. Aliporudi nyumbani Ursula alimwuliza kama anaumwa. Alisema jua.

Rufaa ilikuwa na siku thelathini. Nane zimekwenda, zimebaki ishirini na mbili. Lucian alizijua hesabu hizo kuliko mtu yeyote Kisarawe, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wafungwa. Kila asubuhi alikwenda kazini na maneno yamepangwa kichwani. Sir, I made a mistake, yaani bwana, nilikosea. Kila asubuhi Bwana Shauri alikuwa na haraka, au ana wageni, au amefurahi, na Lucian hakutaka kuiharibu furaha ile. Alijiambia atasema Jumatatu. Kisha alijiambia kwamba huenda Maneno aliichoma kweli. Mbona alimtisha nyapara? Jambo hilo alilishika siku mbili nzima likampa usingizi, halafu likamtoka.

Siku ya kumi na nne Sikudhani alikuja nyumbani kwake.

Alikuwa ametembea kutoka Masaki na kikapu cha mihogo kichwani, na juu ya mihogo amefunga korosho katika kipande cha nguo. Ursula alimtandikia mkeka ukumbini, akampa maji. Sikudhani alikunywa yote, akashukuru, akamgeukia Lucian.

"Bwana Mkalimani, nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye unayejua lugha yao. Nimeambiwa mtu anaweza kuandika barua, kesi ikatazamwa upya."

"Inawezekana," alisema Lucian.

"Basi niandikie. Mimi sijui waandikiwe nini. Lakini kuna jambo moja silielewi, na nimelifikiri njia nzima. Mume wangu alisema hakuingia. Asubuhi yote alisema alikuwa mtoni. Halafu yule bwana akauliza habari za mlango, Maneno akasema ndiyo, na hapo hapo kesi ikakatika. Aliulizwa nini hasa?"

Ursula alikuwa amesimama kizingitini. Lucian aliwatazama wote wawili. Angeweza kusema pale, ukumbini, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuhitaji mtu kumfundisha.

"Sheria ina maneno yake," alisema. "Ukiyaingia utapotea. Cha muhimu ni barua."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa polepole. "Wewe ndiye mjuzi," alisema.

Lucian alileta karatasi na wino. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana. Aliandika kwamba Maneno ni mtu mwema, ana mke na mama mzee, hajapata kushtakiwa, na kwamba familia inaomba huruma ya serikali. Alijaza ukurasa mzima. Kuhusu swali la mlango hakuandika neno. Kuhusu mkalimani hakuandika neno. Alimsomea Sikudhani kwa Kiswahili, naye Sikudhani alifuta macho kwa ncha ya kanga aliposikia habari za mama mzee. Akaweka alama ya kidole gumba chini.

"Mungu akulipe," alisema, na akakiacha kikapu.

Ursula aliipika mihogo ile kwa nazi. Lucian alisema ameshiba.

Jibu lilikuja baada ya majuma sita, kutoka ofisi moja ya mjini. Mistari miwili. The matter cannot be gone into again, no ground having been shown. Lucian alimwita Sikudhani bomani akamweleza kwamba wamekataa kuliingia tena jambo hili, kwa kuwa hawakuoneshwa sababu.

"Sababu gani walitaka?" aliuliza Sikudhani.

"Hawakusema."

Krismasi ilipofika Lucian alithibitishwa. Alihamia nyumba ya bati.

Katika miaka miwili iliyofuata Kiingereza chake kilikua. Sasa alikuwa anasikia. Alijua kwamba may huenda ikawa ruhusa na huenda ikawa shaka tu. Alijua kwamba mzungu akisema would you go out hakuulizi kama utakwenda, anakuamuru utoke. Alijifunza kusimama kabla ya kutafsiri, kumuuliza shahidi mara mbili, na Bwana Shauri, ambaye zamani alimsifu kwa kutositasita, sasa alimsifu kwa uangalifu. Watu walikuja kutoka Maneromango na Mzenga wakisema kesi yako ikiwa kwa mkalimani Lucian utasikilizwa. Kila aliposikia hivyo alikuwa kama mtu anayekandwa kidonda.

Novemba 1949 ilikuja barua nyingine bomani. Mfungwa Maneno Mwinyimadi alikuwa ameugua kifua, akapelekwa hospitali, akafariki, akazikwa huko huko. Bwana Shauri alimkabidhi Lucian karatasi ile, akamwambia awapelekee jamaa zake.

Alikwenda kwa baiskeli. Masaki mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na njia ilikuwa na matope mekundu. Sikudhani alikuwa uani anamenya mihogo pamoja na mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, bibi mwembamba aliyekuwa mzito wa masikio. Lucian aliamkia, "Shikamoo, bibi," na bibi hakumsikia, akaendelea na kisu chake. Sikudhani aliiona karatasi. Alisimama.

"Soma," alisema.

Alisoma. Safari hii hapakuwa na neno lenye maana mbili. Sikudhani alikaa chini pale pale kwenye maganda. Baada ya muda alijivuta kwa magoti mpaka kwa mama mkwe wake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia sikioni. Majirani walisikia kilio wakaanza kuja. Lucian alisimama kando na baiskeli yake mpaka mtu mmoja akamwambia, kwa upole, kwamba anaweza kwenda.

Kesho yake asubuhi alibisha mlango wa Bwana Shauri, akaingia kabla ya kuitwa, akasema yote. Swali la mlango. Jibu la Maneno. Neno "sote". Miwani. Alisema kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kosa.

Bwana Shauri alisikiliza mpaka mwisho. Aliivua miwani akayasugua macho yake. Alikuwa amezeeka kidogo tangu siku ile.

"You might have come to me at the time," alisema.

Might. Padre alisema might ni mdogo wake may, ruhusa ndogo. Hapa haikuwa ruhusa. Ilikuwa lawama, na Lucian aliielewa bila kufikiri. Ungekuja. Ulikuwa na mlango. Hukuja.

"Yes, sir," alisema.

Bwana Shauri alilitazama dirisha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake shauri la kirafiki, "I shouldn't go into it with anyone, Lucian. If I were you."

Na hilo pia alilielewa. Halikuwa katazo. Mtu hawezi kwenda popote akasema amekatazwa. Bwana Shauri alikuwa amemwambia tu kwamba angekuwa yeye, asingelizungumza na mtu. Hukumu ile ilikuwa na majina mawili ndani yake, la hakimu na la mkalimani, na aliyefungwa hayupo tena. Lucian alishukuru, akatoka.

Ursula alipoambiwa alilia, halafu akakasirika. "Umeshamwambia mkubwa wako," alisema. "Unataka nini tena? Watu wale wana msiba. Utawapelekea hilo liwasaidie nini?"

Lakini siku ya hitima alipanda baiskeli.

Uani palikuwa pamejaa. Wanaume walikaa kwenye mikeka upande wa barazani, wamemaliza kusoma, wanangoja wali. Wanawake walikuwa jikoni na nyuma ya nyumba. Lucian alimwomba mzee mmoja amwitie Sikudhani, naye akaja, macho yamevimba, mikono ina unga wa mchele. Walisimama kando ya mkorosho nje ya ua.

Alimweleza. Alimweleza kwamba bwana yule hakuuliza kama ilimlazimu kupita mlango wa nyuma. Alisema bila shaka ulipita. Maneno aliulizwa habari za kazi ya kila siku, akajibu habari za kazi ya kila siku. "Alisema, sote ilitulazimu. Mimi nikaliacha neno sote."

Sikudhani alijisugua unga vidoleni.

"Kwa hiyo hakukubali."

"Hakukubali."

"Nilijua." Alivuta pumzi. "Kukosea, watu hukosea. Lugha si yako, ni yao. Hilo ningelisamehe, nadhani. Ulijua lini?"

Lucian alikuwa ameliogopa swali hilo njia nzima.

"Siku ya nane."

"Ya nane baada ya nini?"

"Baada ya hukumu."

Sikudhani alihesabu. Midomo yake ilicheza bila sauti. "Mimi nilikuja kwako siku ya ngapi?"

"Ya kumi na nne."

"Nilikuja na mihogo," alisema Sikudhani. "Nikakuuliza kwa kinywa changu, aliulizwa nini. Ukanikalisha kwenye mkeka wa mkeo. Ukaandika ukurasa mzima, mimi nikalia kwa jinsi ulivyouandika vizuri." Alisita. "Na wale wa mjini wakauliza sababu. Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Alidhani atampiga. Alitamani ampige. Sikudhani alitazama kule barazani, kisha akamwonesha kwa kidevu mlango wa uani, ambapo Bi Mwanamvua alikuwa amekaa kwenye kigoda, peke yake katikati ya watu, kama viziwi wanavyokaa.

"Nenda kamwambie mama yake."

"Hatanisikia, Bi Sikudhani. Labda wewe—"

"Mimi sitakuwa mkalimani wako."

Lucian alipita kati ya mikeka. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akaamkia, akasogeza mdomo kwenye sikio la bibi na kuanza kwa sauti ya chini. Bi Mwanamvua alimtazama usoni, akatikisa kichwa.

"Sisikii, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Alipandisha sauti. Bibi aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasema Maneno amefanyaje?"

"Nasema Maneno hakukubali kosa!" alipaza Lucian. "Mimi ndiye niliyesema amekubali!"

Mazungumzo barazani yalikatika. Mtu aliyekuwa anagawa sahani alisimama na sahani mkononi. Wanawake walitokea mlango wa jikoni.

"Wewe nani?" aliuliza bibi.

"Mkalimani! Wa bomani!"

"Na kwa nini ulisema amekubali?"

Hilo nalo ilimbidi aliseme kwa kupaza sauti, neno kwa neno, mbele ya watu wazima wa Masaki, mashemeji na majirani na jamaa wa marehemu. Kwamba hakuelewa. Kwamba alipoelewa aliogopa. Kwamba kulikuwa na nyumba ya bati. Kila alipofika katikati bibi alisema, "Eh?" naye akaanza upya. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Alitaka kusikia.

Mwishowe alisikia. Alishusha kiganja sikioni, akakiweka magotini.

"Maneno alikuwa mbishi tangu mdogo," alisema. "Hakuwa mtu wa kukubali kitu upesi. Ungekuja kuniuliza mimi ningekwambia." Alimtazama Lucian kwa muda, kama anayejaribu kuukumbuka uso wake asiupoteze. "Haya. Ondoka sasa, watu wapate kula."

Hakuna aliyemgusa. Walimpisha njia, na alipoichukua baiskeli alisikia sahani zikianza tena kugawiwa, taratibu.

Lucian aliacha kazi ya boma kabla ya Krismasi. Walitoka nyumba ya bati wakaenda kukaa Kibaha, kwenye kipande cha ardhi cha mjomba wake Ursula, wakalima mihogo. Ursula alikwenda naye, lakini kwa muda mrefu alizungumza naye yale ya lazima tu. Kabla ya kuhama, Lucian aliandika barua moja ya Kiingereza, kurasa nne, kwenda ofisi ile ya mjini. Humo aliandika swali kama lilivyoulizwa, alivyolitafsiri, alivyojibiwa, na neno aliloliacha. Aliomba jina la Maneno Mwinyimadi lisafishwe, ijapokuwa mwenyewe amekufa. Alitia sahihi jina lake lote.

Jibu lilimfikia Kibaha baada ya miezi saba. Alilipeleka Masaki yeye mwenyewe, kwa miguu, maana baiskeli alikuwa ameiuza. Alimkuta Sikudhani njiani, anatoka kisimani na mtungi kichwani. Hakuutua.

"Wamejibu?"

"Wamejibu." Alifungua karatasi. The matter may be gone into in due course. Aliisoma kwa Kiingereza.

"Wanasemaje?"

Angeweza kusema wanaweza kuliingia jambo hili wakati ukifika. Kila neno lingekuwa mahali pake, na Sikudhani angengoja. Angengoja mwaka, angengoja miwili, kila mtu anayetoka mjini angemwuliza. Lakini bomani Lucian alikuwa amejifunza kwamba wakiandika hivyo, jambo halitaguswa tena.

"Wanasema hawatafanya kitu," alisema Lucian.

Sikudhani alisimama kidogo, mkono mmoja umeshika mtungi usiyumbe. Kisha akampita, akaendelea na njia yake kwenda nyumbani, na maji yakimdondokea begani.